Picha ya Pili

Gehandu ziko mbili. Moja ni kata ya upande wa Mbulu, nyingine ni ya Hanang, na majeruhi akitajwa kuwa anatoka Gehandu, anayempokea hana budi kuuliza: ipi? Jibu ndilo linaloamua barabara. Wa upande mmoja atafikishwa Mbulu mjini. Wa upande wa pili atapelekwa Katesh, hospitali ya Tumaini, chini ya Mlima Hanang. Hali ikizidi, wote wawili wanaweza kukutana Haydom, katika hospitali ya Kilutheri iliyoanza kazi mwaka 1955, au Babati kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, au wakapandishwa gari la kwenda KCMC, Moshi. Njiani kuna vumbi na makorongo, na masika kuna tope ambalo hata Land Cruiser hulipita kwa adabu.

Kuna ufundi mmoja unaofanyika katika hospitali za namna hii ambao nimeuhusudu kwa muda mrefu. Magazeti hayauandiki sana, labda kwa sababu unahusu kiungo ambacho watu wazima hawapendi kukitaja mbele za watu: kibofu cha mkojo kilichopasuka. Waliozoea kazi hiyo watakwambia kwamba kushona kibofu si jambo la kutisha. Kinapona vizuri, kina damu ya kutosha, kinasamehe makosa mengi. Ugumu uko kabla ya sindano na uzi: kujua kwamba kimepasuka, kujua kimepasukia wapi, na kujua ni lini usikiguse kabisa.

Kibofu kitupu kimefichwa vizuri. Kinakaa chini, nyuma ya mfupa wa kinena, kimezungukwa na mifupa ya fupanyonga kila upande. Mtu aliyetoka chooni sasa hivi akipigwa tumboni, kibofu chake hakina habari. Lakini kikijaa, mililita 400 au 500 kwa mtu mzima, kinapanda juu ya mfupa na kuingia uwanja wa tumbo, kuta zake zikiwa zimetanuka na kuwa nyembamba. Sehemu ya juu kabisa, paa lake, ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyofunikwa na utando wa tumbo. Kiriba kilichojaa maji hupasukia pale ngozi ilipochoka, hata kama umekipiga mahali pengine. Kibofu nacho ni hivyo hivyo. Pigo likitua chini ya kitovu, shinikizo linapanda mara moja, paa linaachia, na mkojo unamwagika katikati ya utumbo. Watoto wako hatarini zaidi kwa sababu kibofu chao hukaa juu, tumboni, hata bila kujaa sana.

Aina ya pili ya mpasuko haingoji kibofu kijae. Inakuja na kuvunjika kwa fupanyonga. Mifupa ile imefungamana kama duara, na duara likivunjika huvuta kila kilichoshikamana nalo. Pengine kipande cha mfupa chenye ncha kinachoma kibofu ubavuni au mbele. Hapo mkojo hauingii tumboni. Unavuja nje ya utando, katika nafasi iliyo nyuma ya mfupa wa kinena, unaloweka nyama na mafuta yaliyo jirani. Mpasuko huu ndio wa kawaida zaidi katika ajali. Kati ya watu 100 waliovunjika fupanyonga, kama 5 mpaka 10 watakuwa na kibofu kilichoumia pia. Wachache wanapata aina zote mbili kwa mpigo.

Mbulu na Hanang hazikosi sababu. Bodaboda zinapanda milima zikiwa na abiria wawili na gunia. Kuna maksai wa plau na teke la punda, lori lililojaa mahindi na watu juu ya mahindi, trekta za mashamba ya ngano ya Basotu, na aliyepanda mti kutundika mzinga. Kuna pia ugomvi wa kilabuni, na huu una ubaya wake wa pekee: aliyekunywa tangu mchana ana kibofu kilichojaa pomoni, pombe imemsahaulisha haja, na teke moja linatosha. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima wenyewe uliachia. Tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Hanang mpaka Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa na wengine wengi wakajeruhiwa. Anayepokea watu waliobanwa na magogo anapaswa kufikiria fupanyonga ya kila mmoja wao, na anayefikiria fupanyonga anapaswa kufikiria kibofu.

Tuchukue kijana mmoja wa kufikirika, wa Gehandu ile ya Hanang, anayerudi kutoka mnada wa Katesh. Pikipiki imeteleza, ikamlalia, ikaburuzika naye. Analetwa nyuma ya pikapu. Hapa mshamba wa kazi, akiona suruali ina damu, atakimbilia kibofu. Fundi hakimbilii. Anajua kwamba kibofu kilichopasuka hakiui mtu katika saa ya kwanza. Kinachoua ni damu inayomwagika ndani ya fupanyonga iliyovunjika, nayo inaweza kufika lita kadhaa bila hata tone kuonekana nje. Kwa hiyo kwanza ni pumzi, mapigo, dripu mbili, damu ya kuongezewa ikipatikana. Halafu shuka.

Lile shuka lingestahili makala yake. Si kifaa cha kuagiza Ulaya. Ni shuka la kitanda, au kanga ya mama aliyemsindikiza mgonjwa. Linakunjwa upana wa mikono miwili, linapitishwa chini ya mgonjwa bila kumgeuzageuza, linakazwa mbele na kufungwa. Siri ni mahali. Wengi hufunga kiunoni, juu ya mifupa ya nyonga, na hilo halisaidii kitu. Linatakiwa likae chini zaidi, usawa wa vile vifundo vya paja vinavyoshikika ubavuni ukiweka kiganja. Likikazwa hapo, duara lililofunguka linajifunga, na nafasi ya damu kumwagikia inapungua. Magoti na miguu nayo inafungwa pamoja.

Baada ya hapo ndipo maswali.

"Kaka, mara ya mwisho ulikojoa saa ngapi?"

"Asubuhi, dada. Nasikia haja tangu nianguke, lakini hakitoki kitu."

Katika majibizano haya mafupi muuguzi amepata nusu ya habari. Tangu asubuhi: kibofu kilikuwa kimejaa wakati wa ajali. Haja ipo, mkojo haupo: ama kibofu kimetoboka, ama mrija umekatika, ama vyote viwili.

Sasa anaangalia. Anaangalia kwa macho, kabla ya kufungua pakiti ya mpira wa mkojo. Ncha ya uume, pale kwenye tundu, kuna damu? Tone moja linatosha kusimamisha kila kitu. Damu pale maana yake mrija unaweza kuwa umechanika, na mpira ukisukumwa humo gizani unaweza kuumaliza kabisa mrija ambao ulikuwa umeshikiliwa na upande mmoja. Anaangalia kati ya mapaja, nyuma ya korodani, kama pamevilia damu. Daktari anavaa glavu na kupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa: tezi dume ipo mahali pake, au imepanda juu na pale inapotakiwa kuwa pana uvimbe laini wa damu? Kwa mwanamke mrija ni mfupi na hauumii mara nyingi, ila lazima uke ukaguliwe, kwa kuwa mfupa uliovunjika unaweza kuwa umetobolea huko, na jeraha hilo likiachwa humletea maradhi ya muda mrefu.

Likiwapo tone, kabla ya mpira inapigwa picha ya mrija: dawa ya rangi kidogo, mililita 20 au 30, inaingizwa taratibu kwenye ncha, na eksirei inaonyesha kama inapita mpaka kibofuni au inamwagikia njiani. Ikimwagika, mpira hauendi njia hiyo. Unaingizwa kupitia ukuta wa tumbo, juu ya mfupa wa kinena, na habari ya mrija inaachiwa wataalamu wa mkojo, kama wale wa KCMC, kwa siku nyingine. Ikipita salama, mpira unaingia. Kama hakuna tone wala dalili nyingine, mpira unaingia bila picha hiyo, kwa mkono mwepesi, na ukigoma hausukumwi.

Mkojo unaotoka ni mwekundu. Katika vibofu vilivyopasuka, karibu 95 kati ya 100 hutoa damu inayoonekana kwa macho, bila darubini. Na mtu aliyevunjika fupanyonga akawa na mkojo mwekundu namna hii, uwezekano wa kibofu chake kuwa kimepasuka unakaribia mmoja kati ya watatu. Hapo hakuna mjadala: picha ya kibofu.

Hapa ndipo nimekwama kwa kuhusudu. Kazi hii kwa nje inaonekana ya kitoto. Chupa ya maji ya chumvi imechanganywa na dawa ya rangi yenye ayodini, imetundikwa kama sentimita 40 juu ya mgonjwa, inaungwa kwenye mpira, na dawa inateremka kwa uzito wake yenyewe. Haisukumwi kwa sindano. Mtaalamu wa eksirei anasimama anaangalia alama za mililita kwenye chupa. Mia moja. Mia moja na hamsini. Mgonjwa anaanza kulalamika kwamba kinataka kupasuka, na wanaomsikiliza nje ya mlango wanadhani anateswa. Kishawishi cha kufunga bomba hapo ni kikubwa, na wengi hukifuata. Lakini kibofu kilichojazwa nusu kinadanganya. Tundu lake linaweza kuwa limezibwa na bonge la damu, au na kipande cha mafuta ya tumboni kilichojibandika hapo, na dawa haitavuja mpaka ukuta utanuke vya kutosha kuking'oa kile kizibo. Inatakiwa mililita 300, na afadhali 400, au mpaka mgonjwa ashindwe kweli. Kwa mtoto kuna hesabu ya haraka: umri wake kwa miaka, ongeza 2, zidisha kwa 30. Mtoto wa miaka 6 anajaziwa mililita 240.

Bomba linafungwa, picha inapigwa. Kisha bomba linafunguliwa, dawa yote inaachwa itoke, na picha inapigwa tena.

Hii picha ya pili ndiyo inayomtenga fundi na mtu wa kujaribu. Kibofu kilichojaa dawa ni doa kubwa jeupe katikati ya picha, na mvujo mdogo ulio nyuma yake unafichwa na doa hilo. Kibofu kikishamwagwa, doa linaondoka, na kilichobaki nje ya kibofu kinajionyesha. Anayeridhika na picha ya kwanza anaweza kukosa karibu mpasuko mmoja katika kila kumi. Na picha hii ni rahisi kurukwa kuliko zote: mgonjwa amechoka, filamu ni ya kuhesabu, foleni iko nje, ya kwanza imeonekana safi. Anayeipiga hata hivyo hapongezwi na mtu, kwa sababu mara nyingi haionyeshi kitu.

Kuisoma ni raha yake. Dawa ikiwa imeingia tumboni, inazunguka utumbo. Unaona mikunjo ya matumbo imechorwa mipaka kwa weupe, na dawa imekimbilia pembeni kando ya utumbo mpana. Ikiwa imevuja nje ya utando, haiendi mbali. Inabaki chini, karibu na mifupa, ikiwa imechanachana kama ndimi za moto. Na pengine hakuna mvujo wowote, lakini kibofu kimekuwa chembamba kirefu, kimebanwa na damu iliyojaa pande zote mbili za nyonga. Hilo nalo ni neno la kumwambia daktari.

Msomaji wa mjini atauliza: na altrasaundi? Inasaidia, na iko karibu kila hospitali ya wilaya siku hizi. Inaonyesha kama kuna majimaji tumboni. Haisemi kama ni damu au mkojo. Siti skani nayo, hata pale Muhimbili, inahitaji kibofu kijazwe kupitia mpira kwa namna ile ile; dawa iliyochomwa kwenye mshipa na kuachwa ishuke yenyewe haijazi kibofu kiasi cha kuaminika. Mashine ya mabilioni haikufutii wajibu wa kutundika chupa. Kulikuwa pia na kipimo cha wazee: unaingiza maji ya kiasi kinachojulikana, unayatoa, unapima kama yamepungua. Kimeachwa, na kwa haki, maana maji yanaweza kuingia tumboni na kurudi yote, au kubaki kibofuni kwa sababu ya bonge la damu tu.

Picha ikishasomwa, uamuzi ni wa kushangaza kwa usahili wake. Kibofu kilichopasukia tumboni kinafunguliwa na kushonwa. Kilichopasukia nje ya utando, mara nyingi, kinaachwa. Mpira unabaki ndani siku 10 mpaka 14, wakati mwingine zaidi, mkojo unatoka kwa njia yake badala ya tundu, na kibofu kinajifunga chenyewe. Yapo yanayovunja kanuni: shingo ya kibofu ikiwa imeumia, kipande cha mfupa kikiwa kimeingia ndani ya kibofu, uke au utumbo wa haja kubwa ukiwa umetoboka pamoja nacho, au tumbo likiwa linafunguliwa tayari kwa sababu nyingine. Lakini daktari kijana aliyesomea kushona, akiwa na kisu mkononi na tundu kwenye picha, kumwambia asishone kunataka mtu mzima chumbani.

Hatukufika hapa kwa siku moja. Hippocrates aliliweka jeraha la kibofu katika orodha ya majeraha yanayoua, na kwa karne nyingi hakuna aliyekuwa na sababu ya kumbishia. Mwaka 1862, daktari Walter wa Pittsburgh, Marekani, alimfungua tumbo mtu aliyepasuka kibofu, akaufuta mkojo wote, na mgonjwa akaishi. Mwaka 1886 William MacCormac wa London akatoa habari za wagonjwa wawili aliowashona kibofu wakapona. Mpira wenye puto la kujishikilia ndani, anaouvaa kijana wetu, unaitwa kwa jina la Mmarekani Frederic Foley na ni wa miaka ya 1930. Na kwa hospitali kama za kwetu, ujuzi huu uliandikwa kwa lugha ya mtu asiye bingwa katika kitabu cha upasuaji kilichohaririwa na Maurice King, aliyewahi kufundisha Makerere. Juzuu yake ya majeraha ilitoka 1987, na nakala zake utaziona zimechanika jalada, kurasa zina madoa ya ayodini. Hiyo ndiyo sifa ya kweli ya kitabu cha kazi.

Tuseme basi picha ya kijana wetu imeonyesha dawa katikati ya utumbo. Anaingia chumba cha upasuaji. Mkato ni wa kati, kutoka kitovuni kushuka. Kama fupanyonga imevunjika, fundi anakwepa ile damu iliyovilia mbele ya kibofu. Anapita juu, ndani ya tumbo, kwani kuigusa damu hiyo ni kufungua upya bomba lililojiziba. Mkojo unanyonywa, utumbo unakaguliwa wote urefu wake, bandama na ini pia. Tundu liko kwenye paa, urefu wa kidole au zaidi. Halishonwi mara moja. Kwanza analipanua kidogo na kuchungulia ndani ya kibofu.

Anatafuta vitundu viwili vidogo nyuma, karibu na sakafu, ambako mirija kutoka kwenye figo inamwagia. Anasubiri. Baada ya muda kitundu cha kulia kinafumba na kufumbua, kinatema mkojo safi kidogo. Cha kushoto nacho. Ni dakika ambayo chumba kizima kinanyamaza, mtaalamu wa usingizi akichungulia juu ya pazia, na hakuna anayefanya chochote zaidi ya kuangalia. Anakagua shingo ya kibofu kwa kidole. Ndipo anashona, tabaka mbili, kwa uzi unaoyeyuka. Hariri na nailoni hazina kazi hapa: uzi usioyeyuka ndani ya kibofu hujijengea jiwe. Akimaliza, kibofu kinajazwa maji yenye rangi ya buluu kupitia mpira, na kitambaa cheupe kinawekwa juu ya mshono. Kikibaki cheupe, tumbo linafungwa.

Katika nchi yetu mkono uliofanya haya, kwa miongo mingi, haukuwa lazima wa daktari mwenye shahada. Tangu miaka ya 1960 Tanzania ilifundisha madaktari wasaidizi, wengi wao waliokuwa matabibu wa vituo vya afya, na ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa wilayani. Utafiti uliofanywa Mwanza na Kigoma na kuchapishwa 2009 uliangalia upasuaji wao wa wajawazito, na haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari. Nawataja kwa makusudi, kwa kuwa kibofu hakiumizwi na bodaboda peke yake. Kinaumizwa pia na kisu. Mama aliyeshindwa kujifungua siku mbili kibofu chake kinavutwa juu na kuwa chembamba. Aliyepasuliwa mara mbili zamani kibofu chake kimegandana na mfuko wa uzazi. Aliyekikata akakiona pale pale, akakishona, amemwachia mama wiki mbili za mpira. Aliyekikata bila kukiona anaweza kumwachia fistula. Tofauti yao ni kuangalia kabla ya kufunga tumbo.

Wapo wanaochelewa, na kwa jiografia ya huku si ajabu. Mtu alipigwa Jumamosi, akalala nyumbani, analetwa Jumatano: tumbo limejaa, hakojoi, anatapika. Vipimo vya damu vinaonyesha yuria na kreatinini ziko juu, na karatasi inasomeka kama figo zimekufa. Figo ni nzima. Mkojo uliomwagika tumboni unafyonzwa kurudi kwenye damu, uchafu uliokwisha kutolewa unaingia upya. Tabibu aliyezoea anavuta majimaji kidogo ya tumboni kwa sindano na kuyapeleka maabara pamoja na damu. Kreatinini ya majimaji ikiwa juu sana kuliko ya damu, huo ni mkojo, na mgonjwa aliyekuwa anaandaliwa safari ya mbali kutafuta mashine ya kusafisha figo anapelekwa chumba cha upasuaji kilicho hatua chache kutoka kitandani kwake.

Halafu zinakuja siku za wodini, na hizo ni za wauguzi. Mpira ukiziba, kila kilichofanywa kinabomoka: kibofu kinajaa, mshono unafumuka. Kwa hiyo usiku muuguzi anapita na tochi kuangalia mfuko, si mgonjwa tu. Mkojo umeongezeka tangu saa nne? Kuna bonge la damu kwenye bomba? Likiwapo, anachukua bomba la sindano la mililita 50, maji ya chumvi, anasukuma polepole na kuvuta polepole mpaka bonge litoke. Mfuko unatundikwa chini ya usawa wa kibofu na hauachwi ukaburuzika sakafuni. Ndugu wanafundishwa, kwa sababu ndugu ndio watakaobaki naye: "Mama, asipokojoa humu kwa saa mbili, tuite. Usingoje asubuhi." Na kabla ya mpira kutolewa, chupa ya dawa inatundikwa tena, kibofu kinajazwa tena, na picha zinapigwa zote mbili.

Kwa msomaji wa Gehandu zote mbili, na wa kwingineko, nina maombi machache. Nenda ukajisaidie kabla ya safari ndefu ya basi au bodaboda. Kibofu kitupu ni vigumu kukipasua. Ukiumia chini ya kitovu ukaona damu kwenye mkojo, au haja ipo na mkojo hautoki, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukamwambie anayekupokea saa uliyokojoa mara ya mwisho na, kama ulikunywa, kwamba ulikunywa. Ukiruhusiwa kurudi nyumbani na mpira, usiuvute, usiukate, wala usimruhusu jirani akutolee hata kama umejisikia mzima. Rudi tarehe uliyoandikiwa.